Bakuli la Mezani

Mfuniko wa ndoo ulishushwa taratibu, ukagusa ukingo, ukatulia. Aliyeushusha hakutaka usikike, lakini katika nyumba ile ya vyumba viwili kule Chang'ombe, nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma, hakuna kilichofanywa kimyakimya ambacho hakikusikika. Marietha alikuwa bado kitandani. Alijua ni wifi yake, Editha, anachota maji kabla hapajapambazuka ili wasikutane bombani. Hakujua kwamba Editha alijaza ndoo mbili, ya kwake na ya Marietha, na ile ya pili akaiacha mlangoni. Angeikuta baadaye, angeoga maji hayo, na asingeshukuru.

Wanawake hao wawili walikuwa hawasemeshani tangu Jumapili waliyotembelewa na ndugu kutoka Masasi. Siku hiyo Marietha alipika maharage ya nazi, akayatenga mbele ya wageni. Editha akaonja, akainuka, akabeba hotpoti nzima akairudisha jikoni, akaongeza chumvi na kuyachemsha upya huku wageni wakitazama mkeka. Jioni, wakati wa kuosha vyombo, Marietha alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Wifi, jiko lako mwenyewe liko wapi?"

Editha alikuwa ameachika, amekuja kwa mdogo wake Albano na begi moja. Alikausha mikono kwenye kanga, akatoka nje. Tangu siku hiyo kila neno lilipita kwa Albano. Mwambie dada yako chakula tayari. Mwambie mkeo sabuni imeisha. Albano alirudi jioni kutoka Mwenge anakochonga vinyago, mgongo unamuuma, akakaa katikati yao na kurudia kila alichoambiwa, hata pale aliyesema na aliyeambiwa walipokuwa kwenye mkeka mmoja.

Ubaya ni kwamba walikuwa pia na kazi moja. Ilikuwa kazi ya duka la mtandaoni la Kokushubila, mama mwenye ofisi ndogo palepale Mwenge. Wauzaji wa jumla wa Kariakoo walimtumia mafaili ya bidhaa zao, na mafaili hayo yalikuja kama nguo zilizokung'utwa sandukuni na mtu mwenye haraka. Picha hazikuwa na majina, majina hayakuwa na picha. Bei iliandikwa mahali pa rangi. Vipimo vingine vilikuwa vya inchi, vingine viliitwa tu kubwa na kubwa kiasi, na maelezo mengine yalitumwa kwa sauti huku honi zikilia nyuma. Marietha aliipokea fujo hiyo kwenye kompyuta, akaoanisha kila picha na jina lake, akaandika maelezo ambayo mama wa Mbagala au Tegeta angeyaelewa. Asichokuwa na uhakika nacho alikipaka rangi ya njano. Kisha Editha, ambaye ndiye mkaguzi, alipitia kimoja kimoja, akawauliza wauzaji kuhusu vya njano, na vikishanyooka akavipandisha dukani. Kokushubila alipenda kusema kwamba kwake hakuna kitu kinachopanda kwa macho ya mtu mmoja.

Namba za wauzaji zilikuwa kwenye simu ya kazi, na simu hiyo ililala chumbani kwa Marietha na Albano. Ili aulize, Editha alitakiwa kugonga mlango ule.

Simu hiyo ndiyo iliyowaka alfajiri ile. Kokushubila alituma picha iliyokuwa imeanza kuzunguka mtandaoni. Ilionyesha mguu wa mtu mzima umefungwa bandeji kuanzia pajani, na pembeni vipande vya kioo sakafuni. Aliyeweka picha ni binti anayeitwa Lulu. Aliandika jina la duka, akaandika kwamba bakuli la kioo alilomnunulia mama yake lilipasuka juu ya jiko la gesi, uji ukamwagika wote mguuni, na kwamba duka lenyewe liliandika linafaa jikoni. Chini yake watu walikuwa wengi. Wachache walitoa pole. Waliobaki walitukana.

Marietha alilitambua bakuli lile kabla hajamaliza kusoma. Lilitoka kwenye faili la Audax wa Kariakoo. Humo kulikuwa na sufuria ya kioo ya kupikia na bakuli la kioo la mezani, vinafanana kama mapacha, na alama ya kuonyesha lipi linakaa jikoni ilikuwa imeteleza mstari mmoja chini. Marietha alihisi kitu hakiko sawa. Aliandika kama lilivyosema faili, akalipaka njano, na jioni akamwambia Albano, "Mwambie dada yako vya njano aulize kwanza." Kesho yake mchana wote akasubiri mlango ugongwe. Mchana ulipopita bila mlango kugongwa akasema moyoni, shauri yake, ana miguu.

Ujumbe wa sauti ukafuata. Kokushubila hakusalimia. Alisema waje ofisini wote wawili, asubuhi hiyohiyo.

Marietha akamtikisa mumewe. "Mwambie dada yako tunaitwa."

Albano akausukuma mlango, likabaki pazia la sebuleni, macho bado yamefumba. "Dada, mnaitwa."

"Nimesikia," Editha akajibu kutoka upande wa pili. "Pazia siyo ukuta."

*

Kokushubila alikuwa hajalala. Kope zilimvimba, na kikombe cha kahawa kilikuwa mbele yake kimeshapoa. Erasmus, kijana anayefunga vifurushi, aliwaona wale wanawake wakiingia akawaletea viti viwili. Kokushubila akamwambia avirudishe, hawa hawakai. Erasmus akavirudisha. Alipokuwa anapita kwenda kwenye maboksi yake aligeuza feni kidogo, upepo ukawafikia waliosimama. Hakuna aliyemwona.

"Nani aliandika linafaa jikoni?"

"Mie, dada," Marietha akasema. "Lakini nililiweka njano. Mkaguzi ndiye aliyelipandisha."

"Editha?"

"Njano niliiona. Nilisubiri niambiwe lina nini, sikuambiwa, nikalipandisha. Ila mwambie huyo aliyeiweka kwamba simu ya kuulizia analala nayo yeye."

"Mwambie mlango wangu haung'ati."

"Mwambie mlango wa chumba cha mtu na mumewe mie sigongi kuomba simu ya kazi."

Kokushubila akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. "Mwambie, mwambie. Nimwambie nani? Si huyu hapa amekugusa bega?"

Erasmus akaacha kuvuta utepe wa gundi kwenye maboksi yake.

"Tangu lini hamsemeshani?"

Kokushubila akainuka, akaenda dirishani, akarudi. Alianza kusema na hakuacha kwa muda mrefu. Alisema oda zimeanza kurudishwa. Alisema ameliokota duka lile kutoka kwenye meza ya barabarani, ameuza soksi juani mpaka ngozi ikambanduka, na leo linachekwa na watu ambao hawajawahi hata kununua kijiko kwake. Alisema aliwachukua watu wa nyumba moja akidhani watasaidiana, kumbe amechukua wake wenza. Neno hilo liliwauma wote wawili, na Kokushubila aliona limewauma, akalirudia.

Kisha akasema anachotaka. Kesho jioni wamletee jina moja. Mwenye jina anaondoka, na duka litatangaza kwamba limemwondoa. Mwingine anabaki, atatafutiwa mwenzake. Wakishindwa kuchagua, wanaondoka wote.

"Na mtu asinyanyue mguu kwenda kwa yule mama aliyeungua, kule Ubungo," akaongeza. "Shemeji yangu mwanasheria kasema, ukienda pale umekubali kosa. Nikisikia mtu kaonekana Ubungo, hana kazi."

"Hata kumpa pole?" Editha akauliza.

"Hata pole."

Kwao Editha, na kwa watu wote aliowajua, mtu akiungua unakwenda. Unaweza kuwa umemkosea, unaweza kuwa humpendi, unakwenda. Hakuwahi kusikia ofisi inayokataza pole.

Walipotoka, Erasmus aliwafuata mpaka ngazini akijifanya anamwaga takataka. Alimpa Editha chupa ya maji ya kunywa, akasema wagawane. Editha alikunywa nusu. Nusu nyingine aliiweka juu ya ukuta mfupi, akatangulia. Marietha akaichukua.

*

Uani kwao habari zilikuwa zimefika kabla yao. Bernadeta, mpangaji wa nyumba ya mbele, alikuwa anachambua mchele. Alisema, huku akiwatazama kuku, kwamba siku hizi kuna nyumba ambazo hata kuazima sufuria inabidi mtu aogope. Mwanamke mwingine akacheka. Marietha akapita na shikamoo yake, isiitikiwe.

Jioni walikaa watatu sebuleni. Kazi ile ndiyo iliyokuwa inalipa kodi ya vyumba na ada ya watoto wa Marietha na Albano walioko shule ya bweni. Watalii walikuwa wanashika vinyago vya Albano, wanavisifu, wanavirudisha mezani. Kila mmoja alijua bila kuambiwa kwamba lazima mmoja wa wanawake hawa abaki na kazi, na kwamba yule atakayeikosa hatakuwa na namna ya kuendelea kulala chini ya paa hilo akamtazama mwenzake machoni.

Marietha akaichukua simu ya kazi, akampigia Audax, akaweka sauti ya wote kusikia. Alitaka ijulikane kwamba faili lilikuwa bovu.

Audax alikuwa anafunga duka. Alimsikiliza kwa haraka. "Lile bakuli? Lile la mezani, mama. La saladi. Kila mtu anajua."

"Faili lako linasema jikoni."

"Faili kaandika kijana, mie nauza. Sasa kama hamkuelewa si mngeniuliza? Mngeniuliza ningewaambia. Ni neno moja tu."

Akakata. Albano alikuwa ameshika kipande cha mpingo anachokisugua kwa msasa. Akakiweka chini.

"Uliniambia nimwambie," akamwambia mkewe.

"Nini?"

"Kwamba vya njano aulize kwanza. Sikumwambia." Alijipangusa vumbi la mti magotini. "Nilirudi siku ile mgongo umekufa. Nikafikiri, hawa ni watu wazima, wapo futi mbili, waambiane. Nimechoka na mwambie zenu."

Marietha alimgeukia kwa maneno ambayo hakuwahi kumwambia. Alimwambia ni mwanamume wa kukaa katikati kwa sababu hawezi kukaa upande wowote. Editha aliwasikiliza, kisha akainuka, akalivuta begi lake kutoka nyuma ya kochi, akaanza kukunja nguo.

"Mwambie mkeo jina ni langu," akasema. "Mkaguzi ni mimi. Nitarudi Masasi."

Albano akamtazama mkewe. Alikuwa anangoja aseme kitu, chochote. Marietha naye alijua anangojwa. Lakini ndani yake kulikuwa na nafuu, na aliionea haya nafuu hiyo hata ilipokuwa inamkaa vizuri. Sebule ingekuwa sebule tena. Hakuna ambaye angeonja chakula chake kwa uso ule. Akainama kuokota msasa uliodondoka, akaurudisha mezani, akaenda kulala.

*

Asubuhi Editha alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani. Mkononi alikuwa na mfuko wenye sukari na mche wa sabuni. Alisimama mlangoni akasema na Albano, ambaye alikuwa anafunga kamba za viatu.

"Kabla sijaenda stendi kukata tiketi napita Ubungo, kwa yule mama. Jina limeshakuwa langu, wanifukuze mara ngapi?"

Albano alitaka kumsindikiza, Editha akakataa. Akatoka.

Marietha alifungua kompyuta. Kwa kweli hakutakiwa kufanya lolote. Kokushubila alikuwa ameshatuma faili jipya la vyombo vya plastiki, kama vile tayari anajua nani atabaki. Akalifungua. Kulikuwa na chupa ya watoto ambayo haikusema kama inaweza kutiwa maji ya moto. Akaipaka njano. Mkono wake ukabaki juu ya kitufe.

Njano hii ilikuwa inamwuliza nani? Hata siku ile, lile bakuli, hakuwa anauliza. Audax alikuwa ndani ya simu iliyolala chini ya mto wake; angemwuliza yeye mwenyewe huku anasubiri chai ichemke. Alipaka njano ili kosa likitokea limkute Editha mlangoni kwake. Na kosa lilikwenda, likampita Editha, likamkuta mama wa watu Ubungo amekaa kwenye kigoda chake anakoroga uji.

Akafunga kompyuta. Akajitanda kanga, akafunga mlango, akatoka akikimbia kama mtu aliyesahau chungu motoni. Alimkuta Editha kituoni. Alisimama nyuma yake, na gari lilipokuja akapanda nyuma yake.

*

Anuani waliijua kwa sababu ilikuwa kwenye oda. Aliyefungua mlango ni Lulu mwenyewe, msichana mwembamba aliyevaa sare ya duka la dawa. Walipojitaja akawaziba njia, akainua simu, akaanza kuwarekodi.

"Mmetumwa na bosi wenu?"

"Hatujatumwa," Editha akasema. "Tumekatazwa."

"Basi kaeni hapo kizingitini watu wawaone."

Wakakaa. Jua lilikuwa limeshapanda. Kila aliyepita kwenye uchochoro ule Lulu alimwambia, ndio hawa, ndio hawa waliomuunguza mama. Mwanamke mmoja aliyebeba ndizi alisimama akawasonya kwa muda mrefu, kwa utulivu, kama anayemaliza kazi. Mwingine, mzee mwenye tasbihi, aliambiwa hivyohivyo. Akawatazama, akasema, "Poleni nyote," akaendelea na safari yake. Lulu hakujua kama naye amejumuishwa, akamwacha aliyefuata apite bila kuambiwa.

Sauti ikatoka ndani. "Walete niwaone sura."

Mama huyo anaitwa Genoveva. Alikuwa amelala kwenye godoro chini, mwili mkubwa, mguu umewekwa juu ya mto. Chumba kilinuka dawa na shuka zilizolowekwa. Wakapiga magoti wakamwamkia. Shikamoo mbili zikabaki hewani, hakuitikia hata moja.

"Maisha yangu yote napika kwenye sufuria," akasema, "sioni ndani mpaka nifunue. Huyu mtoto akanionyesha kwenye simu yake chombo cha kioo. Nikasema kumbe mtu anaweza kukaa akauona uji unavyochemka. Nikauona kweli. Ulikuwa unapendeza." Akavuta pumzi kwa maumivu. "Nani kaandika linafaa jikoni?"

"Mie, mama," Marietha akasema.

"Nani kakubali?"

"Mie," Editha akasema.

"Mlijua halifai?"

"Hapana. Tulikuwa hatuna uhakika."

"Asiye na uhakika si anauliza?"

Editha akaanza, "Mwambie..." akajikatiza mwenyewe. Hapakuwa na Albano mle ndani. Marietha akatazama mkeka.

"Tulikuwa hatusemeshani, mama. Huyu ni wifi yangu."

"Kisa?"

Editha akakunja ncha ya kitenge chake.

"Nimeuliza kisa. Mie ndiye niliyeungua, nina haki ya kujua."

"Maharage," Editha akasema.

Simu ya Lulu ikashuka taratibu. Genoveva alimtazama Editha kama asiyesikia vizuri, na alikuwa amesikia vizuri sana.

"Mimi nimeungua kwa ajili ya maharage."

Akamtazama Marietha, akamrudia Editha.

"Yalikuwa na nini?"

"Yalikosa chumvi," Editha akasema.

"Hayakukosa," Marietha akasema.

Genoveva akafumba macho. Waliona kifua chake kikipanda na kushuka, na Lulu akasogea akidhani mama yake anazidiwa. Alipoyafumbua alisema, "Watoe hapa. Wapeleke uani wakafue zile shuka. Ndizo nilizobebewa siku ile, zimelala na uji wangu, wewe huna nafasi, mie sina mguu."

Shuka zilikuwa kwenye beseni, nzito, zimeganda. Walifua bila kusemeshana, kila mmoja na ya kwake, mpaka ikafika ile shuka kubwa ya chini. Mtu mmoja haiwezi. Editha akashika pembe zake, akasubiri. Marietha akashika za upande wa pili. Wakaanza kukamua, na shuka ikazunguka nzima bila kutoa hata tone.

"Unazungusha kulekule ninakozungusha mie," Editha akasema.

"Wewe ndiye uliyebadilisha."

"Basi tulia hapo. Mie nageuka. Kaza."

"Nimekaza."

Maji yakamwagika miguuni mwao, meupe ya uji. Simu ya kazi ikalia mfukoni mwa Marietha. Akajipangusa mkono mmoja, akasikiliza. Lulu alikuwa ameshaiweka mtandaoni ile video ya kizingitini, na Kokushubila ameiona. Hakupiga kelele safari hii. Alisema alidhani walau mmoja wao ana akili, na Erasmus atakuja kuchukua kompyuta na simu. Mwishoni akauliza, "Huyo mama anaendeleaje?" kisha akakata kama aliyejuta kuuliza.

"Kafukuzwa nani?" Editha akauliza.

"Wote wawili."

"Wewe ungebaki nyumbani."

"Ningebaki," Marietha akasema. "Shika, tuianike."

Lulu alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia yote. Akaenda kwenye kamba, akasogeza sare zake pembeni, nafasi ya shuka ikapatikana. "Sitaifuta ile posti," akasema. "Hata mkilia."

"Usiifute," Marietha akasema. "Ila umeandika kwamba duka ni baya. Hujaandika kwamba bakuli lile ni la mezani. Kuna wengine wamelinunua. Sasa hivi kuna mtu anataka kuliweka jikoni."

Lulu akamtazama. "Basi sema niandike."

Marietha akafikiri, akasema polepole, kama alivyozoea kuandika. Bakuli la kioo lenye mfuniko. Ni la mezani, la saladi na matunda. Siyo la kupikia.

"Haitoshi," Editha akasema. "Mtu atasema hapiki, anapasha tu. Ongeza: lisiwekwe juu ya gesi, mkaa, wala jiko la umeme."

"Na oveni?"

"Sijui."

"Mie pia sijui."

Wakatazamana. Kisha Editha akanyoosha mkono uliolowa, na Marietha akampa simu. Audax alisema hapana, hata oveni lisiwekwe, hata uji wa moto lisimiminiwe ghafla, na kwamba hiyo nayo ni neno moja tu. Editha akamshukuru. Akamsomea Lulu tena kuanzia juu, Marietha akarekebisha neno, Editha akarudia kulipitia, akasema sasa sawa. Lulu akabonyeza. Ilipanda.

Walipoingia kuaga, Genoveva alikuwa amegeukia ukutani. Editha akaweka sukari na sabuni karibu na godoro. Bila kugeuka, mama yule akasema sukari yao haitamrudishia ngozi. Editha akasema ni kweli. Marietha akasema wanaomba ruhusa waende, nyumba haina mtu.

"Nimesikia mmefukuzwa kazi."

"Ndiyo, mama."

"Vizuri. Mna nafasi." Akageuza kichwa, akawatazama vile wanavyopiga magoti, bega kwa bega, kanga na kitenge vyote vimelowa. "Jumamosi Lulu anashinda kazini, mie nabaki nahesabu bati. Mje. Sijamaliza kuwasema."

"Tutakuja," Marietha akasema.

"Ufunguo utakuwa kwa jirani. Nitamwambia akija mmoja peke yake asimpe. Mje wawili."